Dalili Zitanguliazo Kisukari katika Mwili wa Mwanamke

Aghalabu mambo huanza kwa dodoki. Binti wa miaka kumi na mitano au kumi na sita ameketi juu ya kigoda uani, kichwa amekiinamisha, na shangazi yake amesimama nyuma yake akimsugua shingo kwa dodoki lililotiwa sabuni na maji ya limau, kwa bidii iliyokwisha kuifanya ngozi iwashe, na weusi uliokusudiwa kuondoka hauondoki. Ukiitazama shingo ile kwa karibu utaona kuwa ngozi yake imekuwa nene, ina ulaini wa mahameli, na mikunjo yake imekolea rangi kuliko uso na kifua. Makwapani hali ni hiyo hiyo. Shangazi anadhani ni taka, na kwa kudhani hivyo anamwambia maneno ya kumtia haya: "Mwanamwali mzima wewe, mwanangu, hujui kuoga shingo?" Binti hajibu, maana anaoga asubuhi na jioni, wala hana ushahidi mwingine wa kujitetea. Hapana hata mmoja kati yao aliyepata kuambiwa kwamba weusi wa namna ile hutoka ndani ya mwili, na kwamba aghalabu ni alama ya kuzidi kwa homoni iitwayo insulini katika damu, ambayo ikizidi kwa muda mrefu huzichochea chembe za ngozi kukua na kuzaana kupita kiasi chake. Limau haliwezi kufika huko.

Ninalotaka kulieleza katika makala haya ni kwamba mwili wa mwanamke hutoa habari za maradhi ya sukari miaka mingi kabla ya sukari yenyewe kuonekana katika kipimo, na habari hizo huzitoa kwa njia ya hedhi, ngozi, nywele na mimba. Nasi, kwa kuwa tumezoea kuyaweka mambo hayo katika sitara, au kuyahesabu kuwa ila ya tabia na nasibu, tumezipokea kwa fedheha pale tulipopaswa kuzipokea kwa tafakuri na tiba.

Insulini hutengenezwa na kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo la chakula, na kazi yake iliyo mashuhuri ni kuiwezesha sukari ya damu kuingia katika misuli na mafuta, na kuliamuru ini liache kumwaga sukari yake wakati ambapo chakula kimekwisha kuileta ya kutosha. Mtu alapo, sukari hupanda katika damu, na insulini huifuata nyuma ikibisha hodi katika kila nyumba ya mwili. Kwa mwenye siha njema hodi moja yatosha, mlango hufunguliwa na sukari hukaribishwa ndani. Lakini yako maumbile tunayoyarithi kwa wazee wetu, na yako maisha tunayojichagulia au tunayochaguliwa na mji, ambayo huwafanya wenyeji wa nyumba hizo wawe wazito wa kusikia. Hodi ya kwanza haijibiwi, wala ya pili, na kongosho hutuma insulini maradufu, na mara tatu, mpaka milango ifunguke. Hali hiyo ndiyo waiitayo matabibu usugu wa insulini. Katika kipindi hicho, ambacho chaweza kudumu mwongo mzima na zaidi, kipimo cha sukari hutoka salama. Muuguzi humtoboa mama kidole, hutazama kimashine chake, humwambia, "Sukari yako nzuri, mama," na asemalo ni kweli. Asichoweza kukiona katika tone lile la damu ni wingi wa insulini uliotumika ili jibu litoke zuri.

Ilimu hii ina umri wake. Insulini yenyewe ilipatikana mwaka 1921 mjini Toronto, kwa juhudi za Frederick Banting na Charles Best, na kwa muda watu walidhani ya kuwa kila mwenye kisukari ana upungufu wa kitu hicho. Mwaka 1936 tabibu Harold Himsworth wa London alidhihirisha kwamba wagonjwa ni wa namna mbili, wale ambao miili yao huitikia insulini na wale ambao miili yao haiitikii ipasavyo. Na mwaka 1960 Rosalyn Yalow na mwenzake Solomon Berson, katika hospitali ya wanajeshi wastaafu mjini New York, walitangaza njia ya kupima kiasi kidogo mno cha homoni katika damu kwa kutumia mada yenye mnururisho, na kwa njia hiyo ikaonekana waziwazi kwamba wengi wa watu wazima wenye kisukari wana insulini, tena wengine wanayo tele. Yalow alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Berson hakuiona siku hiyo, kwa kuwa alifariki mwaka 1972.

Hapa ndipo taabu ya mwanamke inapojitenga na ya mwanamume. Usugu huu haukuenea sawasawa mwilini: misuli ni mizito, ini ni zito, lakini ovari, ambazo ndizo hifadhi ya mayai ya mwanamke, huendelea kuisikia insulini vizuri, na insulini iliyomiminwa kwa wingi ili kuiridhisha misuli huzifikia ovari kwa wingi ule ule. Humo huungana na homoni itokayo katika tezi iliyo chini ya ubongo, na kwa pamoja huzihimiza chembe za ovari kutengeneza homoni za kiume, ambazo kila mwanamke anazo kwa kiasi chake, lakini sasa zimepita kiasi. Wakati huo huo insulini hulizuia ini lisitengeneze kwa ukamilifu ile protini ambayo kazi yake ni kuzishika homoni hizo katika damu na kuzipunguzia makali, na hivyo zilizozidi hubaki huru. Matokeo yake huonekana kwa macho: chunusi zisizoondoka baada ya ujana, nywele zinazoota kidevuni, kifuani na chini ya kitovu, na nywele za utosi zinazopungua. Yasiyoonekana kwa macho ni makubwa zaidi. Kila mwezi vifuko vidogo vya mayai huanza kukua ili kimoja kipevuke na kutoa yai, lakini katika mchafuko huu hukua nusu na kusimama, vikakaa ukingoni mwa ovari vimezunguka, na katika picha ya ultrasaundi vikaonekana vingi, vidogo, vya kukaribiana ukubwa. Yai halitoki, na yai lisipotoka hedhi hupotea miezi miwili, minne, sita, au huja bila taratibu yoyote. Fauka ya hayo, homoni zile za kiume huyavuta mafuta kwenda tumboni, na mafuta ya tumboni huuongeza usugu wa insulini ulioyaanzisha yote.

Hali hii hospitalini huitwa kwa kifupi PCOS, na mitaani kinamama husema tu, "homoni zimevurugika." Wengi huambiwa kwamba wana "uvimbe kwenye mayai," wakatoka katika chumba cha daktari wakilia, wakidhani wana kitu cha kukatwa kwa kisu. Inafaa isemwe kwa sauti kwamba vifuko vile ni mayai yaliyokwama njiani. Havina uhusiano na saratani ya ovari, wala kuvitoa si tiba.

Tarehe ya maradhi haya inashangaza kwa jinsi ukweli ulivyoonekana mapema ukaachwa. Mwaka 1721 tabibu wa Kiitalia Antonio Vallisneri aliandika habari za mwanamke kijana wa shamba, aliyeolewa, mnene kiasi, asiyezaa, ambaye ovari zake zilikuwa kubwa na nyeupe kupita kawaida. Miaka mia mbili baadaye, mwaka 1921, mwaka ule ule wa insulini, Charles Achard na Joseph Thiers wa Paris waliandika juu ya kisukari cha wanawake wenye ndevu, wakaviweka vitu viwili hivi pamoja katika sentensi moja bila ya kujua kinachoviunganisha. Mwaka 1935 Irving Stein na Michael Leventhal wa Chicago waliwaeleza wanawake saba wenye hedhi zilizopotea na ovari zilizojaa vifuko, na kwa miaka mingi baada yao maradhi yakahesabiwa kuwa ya uzazi peke yake, yakakabidhiwa mabingwa wa kinamama, na mabingwa wa kisukari wakaendelea na shughuli zao. Ikapita hata mwaka 1980, ndipo George Burghen na wenzake wakaonyesha kwamba kadiri insulini inavyozidi katika damu ya wanawake hawa ndivyo homoni za kiume zinavyozidi. Na mwaka 1989 Andrea Dunaif akathibitisha kwamba usugu huo unawapata hata wanawake wembamba wa namna hiyo, kupita kiasi ambacho uzito wa miili yao ungeweza kueleza. Jambo hili la mwisho ningependa lishikwe sana, kwa kuwa wako mabinti wembamba wanaorudishwa nyumbani bila kupimwa chochote, kwa sababu tu macho ya mpimaji yalitafuta unene yasiuone.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 ya kuwa hali hii inawapata wanawake kati ya 8 na 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi 70 katika kila 100 miongoni mwao hawajui kuwa wanayo.

Hawajui, lakini hawakosi la kuambiwa. Katika nyumba zetu za pwani, mwanamke akipitwa na miezi mitatu bila kuingia mwezini, ilhali hana mimba, wa kwanza kuelezwa ni mama yake na wa pili ni bibi, na bibi husema ni chango. Mizizi huchemshwa, maji machungu hunywewa asubuhi kabla ya chai kwa siku saba, na hedhi ikija, kama ambavyo ingekuja yenyewe siku moja, dawa husifiwa. Isipokuja, huulizwa kama binti hana shetani wa kupungwa, au kombe huandikwa. Sina neno la kuwavunjia wazee heshima, kwa kuwa bibi aliyemsikiliza mjukuu wake amefanya kitu ambacho kliniki nyingi hazikukifanya, nacho ni kuuliza habari za hedhi na kuziona kuwa na maana. Ninalohuzunikia ni miaka inayopita. Binti aliyepewa dawa ya chango akiwa na miaka kumi na saba huolewa akiwa na ishirini na mbili, na mwaka wa pili wa ndoa ukipita bila mimba, mawifi huanza kuhesabu, mama mkwe huanza kunyamaza pale alipokuwa akizungumza, na neno la ugumba, lililo zito kuliko mengi awezayo kuambiwa mwanamke katika jamii yetu, humfika bila ya mtu yeyote kumpima yeye wala mumewe. Na mume apimwe pia, maana ovari za mke hazizuii mbegu za mume kuwa na kasoro yake.

Ukweli ni kwamba wengi wa wanawake hawa huzaa. Wengine huzaa bila ya dawa, na wengine kwa msaada wa vidonge vya kupevusha yai, miongoni mwao letrozoli, ambayo uchunguzi mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 uliionyesha kuwapatia watoto wanawake wengi zaidi kuliko klomifeni iliyozoeleka. Yai lililokwama laweza kukwamuliwa, na mwanamke apewe habari hiyo siku ile ile apewayo jina la maradhi.

Liko pia jambo la mji wa mimba ambalo halielezwi vya kutosha. Wako wanaoona kukosa hedhi kuwa ni raha, hasa wale ambao hawatafuti mtoto, nao husema, "Afadhali, napumzika." Lakini yai lisipotoka, homoni ya projesteroni haipatikani, na utando wa ndani wa mji wa mimba huendelea kunenepeshwa na homoni ya estrojeni mwezi baada ya mwezi bila ya kumwagwa, na utando ulionenepa hivyo kwa miaka waweza kubadilika ukawa saratani. Kwa sababu hiyo matabibu hawapendi miezi mitatu ipite bila ya damu kwa mwanamke asiyetumia dawa, na humpa vidonge vya projesteroni au vya uzazi wa mpango ili utando upukutike. Mwanamke asiyetaka mtoto ana haki ya tiba hii sawasawa na yule anayemtaka.

Sasa nije kwenye mimba, ambayo ni mtihani mkubwa kuliko yote ambao insulini hufanyiwa katika mwili wa binadamu. Mimba ikishapita nusu, kondo la nyuma hutoa homoni zinazoifanya misuli ya mama iwe sugu kwa makusudi, ili sukari isiwahi kuingia kwa mama ikamkosa mtoto. Hiyo ni hikima ya maumbile, na kongosho lenye nguvu huijibu kwa kuongeza insulini mpaka mambo yakakaa sawa. Kongosho la mwanamke aliyeingia katika mimba akiwa na usugu tangu hapo huwa limekwisha kufanya kazi ya ziada kwa miaka, na wengine hushindwa. Hicho ndicho kisukari cha mimba. Kipimo chake ni rahisi kukieleza ingawa kinachosha: mama huja kliniki bila ya kula, kati ya wiki ya 24 na ya 28, hutolewa damu, hunyweshwa maji yenye gramu 75 za glukosi, matamu hata kutaka kumtapisha, kisha hukaa kwenye benchi saa mbili na kutolewa damu tena mara mbili. Sukari ikifika 5.1 kabla ya kunywa, au 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya saa mbili, kwa kipimo cha milimoli katika lita, basi anacho. Mama asiyepimwa hana habari, kwa kuwa haumwi popote, mpaka siku ya uchungu ambapo mtoto mkubwa kupita kiasi hukwama mabega, na wanaomtazama mtoto huyo baadaye husema, "Mashaallah, mtoto mzima!"

Mara kondo litokapo, sukari hurudi mahali pake kwa wengi, na kwa kurudi huko jambo zima husahauliwa. Hili ndilo kosa ambalo lingesahihishwa kwa gharama ndogo kuliko mengine yote. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020, uliokusanya habari za wanawake zaidi ya milioni moja, ulionyesha kwamba aliyepata kisukari cha mimba anakaribia mara kumi ya hatari ya kupata kisukari cha kudumu, akilinganishwa na yule ambaye sukari yake haikupanda. Nasaha za kitabibu ni kwamba apimwe tena baada ya wiki sita hivi, na desturi yetu tayari imeiweka siku hiyo mahali pake. Mzazi wa kwetu hukaa arobaini. Hupikiwa uji wa pilipili manga na supu, hukandwa, hufungwa tumbo, na hatoki ila kwa dharura, na siku arobaini zikitimia hutolewa nje yeye na mwanawe kwa furaha. Siku ya 42 ndiyo siku ya kliniki ya baada ya kujifungua. Lau kila mama aliyepandwa na sukari katika mimba angekunywa yale maji matamu tena siku hiyo, na baadaye akapimwa kila mwaka, tungewaona maelfu wakiwa bado kwenye ukingo wa maradhi, ambako kurudi kunawezekana. Na kunyonyesha, ambako bibi zetu walikushikilia hata miaka miwili, kumeonekana kupunguza hatari hiyo kwa mama.

Kwa nini kisukari kimezidi kwetu? Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake wa Dar es Salaam walichapisha uchunguzi uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania, na wakakuta wenye kisukari ni chini ya mtu mmoja katika kila 100. Mwaka 2012 upimaji wa taifa zima uliwakuta wenye sukari ya kupita kiasi kuwa takriban 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Vipimo na umri wa waliopimwa havikulingana sawasawa, wala vijiji si mji, lakini mwelekeo wake hauna shaka. Mwanamke aliyelima, aliyetwanga, aliyechota maji na kubeba kuni, alikuwa akiipa misuli yake kazi ya kutwa, na misuli ifanyayo kazi huipokea sukari hata kwa insulini kidogo. Mjukuu wake wa mjini hukaa nyuma ya meza ya duka au ofisi, hurudi kwa daladala, na unga wake ni sembe jeupe lililovuliwa pumba zote. Asubuhi chai ya vijiko vitatu kwa mahamri, mchana wali wa nazi uliojaa sahani na mchuzi pembeni, alasiri soda, usiku kinachobaki. Ramadhani ambayo ingeupumzisha mwili, futari yake ni mihogo ya nazi, tambi za sukari, kaimati na maji ya matunda yaliyotiwa sukari juu ya sukari, na aliyeyapika yote tangu adhuhuri ni yeye mwenyewe.

Sisemi haya kumlaumu. Katika desturi zetu unene wa mwanamke ni ushahidi wa kutunzwa. Biharusi huwekwa ndani ale na kupumzika mpaka anawiri, na mke akikonda watu humtazama mume kwa jicho la lawama. Mwanamke anayetaka kutembea kwa miguu nusu saa kila jioni hukutana na maneno ya barabarani, na nyumba yenye watoto wanne na mgeni mmoja haimwachii nusu saa. Wanaume wanaosoma makala haya wafahamu kwamba nusu saa hiyo ni wao wanaoweza kuitoa.

Na nusu saa hiyo si kitu kidogo. Nchini Marekani uchunguzi wa kuzuia kisukari, uliotangazwa mwaka 2002, uliwafuata watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa maradhi, theluthi mbili na zaidi wakiwa wanawake. Waliosaidiwa kupunguza uzito kwa asilimia 7 na kutembea dakika 150 kwa juma walipungukiwa na hatari ya kisukari kwa asilimia 58, na waliopewa dawa ya metformini kwa asilimia 31. Na kwa wanawake waliopata kupandwa na sukari katika mimba, njia zote mbili ziliipunguza hatari kwa takriban nusu. Katika PCOS pia, asilimia 5 hadi 10 ya uzito ikiondoka, mama wa kilo 80 akifika 75 au karibu yake, wengi huiona hedhi ikirudi. Hapana haja ya kula vya kigeni. Kunde, mbaazi, choroko, dagaa, samaki, mchicha, kisamvu, matembele na ugali wa dona ni vyakula vyetu, tena vya bei ya wengi. Kinachotakiwa kubadilika ni nani mkubwa katika sahani, wali au mboga.

Metformini nayo ina asili ya kupendeza: chanzo chake ni mmea wa Ulaya uitwao galega, ambao wataalamu waliuchunguza mpaka wakapata mada yake, na tabibu Jean Sterne wa Ufaransa ndiye aliyetangaza mwaka 1957 matumizi ya metformini kwa wagonjwa wa kisukari. Ni dawa ya bei nafuu, imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa za lazima, na daktari aweza kumwandikia mwenye PCOS hata kabla ya sukari kupanda. Huchafua tumbo majuma ya mwanzo, kwa hiyo huanzwa kidogo kidogo pamoja na chakula. Wauzaji wa chupa za kusafisha kizazi na kusawazisha homoni, ambao matangazo yao yamejaa katika simu zetu, hawampimi mtu sukari, hawamuulizi habari za mama yake, na chupa moja hugharimu pesa ambazo zingenunua metformini ya miezi. Kwa hawa sina stahamala.

Na kwa mama aliyekwisha kukoma hedhi, usugu hupata nguvu mpya, kwa sababu estrojeni iliyokuwa ikiyaelekeza mafuta nyongani na mapajani imeondoka, na mafuta huhamia tumboni. Kiuno kinachozidi sentimita 80 kinatosha kumfanya akapimwe sukari, shinikizo la damu na mafuta ya damu.

Kliniki zetu zimegawa mwili wa mwanamke mafungu: kisukari siku moja, uzazi siku nyingine, ngozi katika jengo jingine. Daktari wa sukari aulize, "Siku zako zinakwendaje, mama?" na daktari wa uzazi asimruhusu mwanamke aliyepotewa na hedhi kuondoka bila ya kupimwa sukari. Lakini kabla ya madaktari wote yupo kungwi, au somo, ambaye binti humwamini katika mambo asiyoweza kumwambia mama yake mzazi, nami namwomba ahifadhi hesabu chache pamoja na mafunzo yake mengine. Binti aliyefika miaka 15 bila ya kuvunja ungo aonwe na tabibu. Mwaka wa kwanza hedhi ikiyumba si neno, maana mwili unajifunza. Ukishapita mwaka huo, hedhi inayokawia zaidi ya siku 90 hata mara moja haipaswi kungojewa tena. Ikishapita miaka mitatu, mizunguko inayozidi siku 35, au hedhi zisizofika nane katika mwaka mzima, ni sababu ya kwenda hospitali. Na binti akifika huko, kungwi amsindikize, aseme mbele ya daktari habari za shingo, za chunusi na za ndevu ambazo binti mwenyewe ataona haya kuzisema, na aulize kama sukari itapimwa siku hiyo hiyo.